Niligombea kwa Ajili ya Josho

Watu wakisikia kwamba niliwahi kugombea udiwani huniuliza nilikuwa natafuta nini, cheo au posho. Nawajibu nilikuwa natafuta josho. Wengine hucheka. Wacheke tu. Anayecheka hajawahi kumwona ndama wa wiki sita amelala ubavu, tezi za shingo zimevimba, anahema mdomo wazi, na mwenye ndama amechuchumaa pembeni anakutazama wewe uliyesomea mambo hayo, na wewe huna dawa hata tone.

Nilikuwa bibi mifugo wa kata yetu kwa miaka kumi na minne. Kata yenyewe sitaitaja. Iko huko tambarare, kati ya Mpwapwa na Dodoma mjini, yatosha kusema hivyo. Nilisomea Mpwapwa, nikapangiwa kazi nyumbani kwetu, kwa watu walionijua tangu nachunga mbuzi nikiwa miguu pekupeku. Kila Jumanne ng'ombe waliswagwa hadi joshoni. Josho ni mtaro wa saruji uliojazwa maji yenye dawa ya kuua kupe. Ng'ombe anaruka upande huu, anaogelea, anatokea upande wa pili akijikung'uta na kuwalowesha wote waliosimama karibu. Mume wangu alizoea harufu ile ya dawa kwenye nywele zangu mpaka nilipokuwa likizo alisema nanuka kama mgeni.

Halafu zikaja nyakati zile za kupunguza watumishi. Serikali ilisema haiwezi tena kubeba kila kitu. Mashirika yakauzwa, maduka ya watu binafsi yakajaa mitumba na redio, na mimi nikapewa barua ya kunishukuru kwa utumishi wangu uliotukuka na kuniomba nisije kazini tena. Sikulia. Nilitukana, lakini sikulia. Dawa ya bure nayo ikakoma. Basi tukakaa na wafugaji, tukakubaliana kila mwenye mifugo achangie, dawa tununue wenyewe, nami nikaendelea na Jumanne zangu bila mshahara. Mtu akiwa na maziwa ananiletea maziwa, mwenye uwele ananiletea uwele. Ndama wakapona, nasi tukajiona kumbe tunaweza.

Ndipo ilipobandikwa barua ya halmashauri kwenye mlango wa ofisi ya mtendaji wa kata. Josho litakabidhiwa kwa mwekezaji. Mwekezaji, jamani! Nilidhani atatoka ng'ambo. Kumbe ni mchuuzi wetu wa ng'ombe, mzaliwa wa hapa hapa, aliyekuwa akinunua mnadani na kupakia malori ya kwenda Dar es Salaam. Eneo la josho limepakana na kiwanja cha mnada, lina uzio, lina bomba la maji. Alilitaka liwe zizi la kulaza ng'ombe wake wakisubiri malori. Tulipomuuliza sisi tutaogeshea wapi, alisema, "Tutaangalia." Na mwaka huo huo akachukua fomu ya kugombea udiwani kupitia chama kikubwa. Akishinda, mwombaji wa josho na mtoaji wa josho watakuwa mtu mmoja.

Nilifika nyumbani damu inanichemka, nikamwambia mume wangu kwamba nami nagombea. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mpole kupita kiasi. Aliniuliza kama nimekula.

Sheria inataka mgombea awe na chama. Chama nilichokuwa nacho mimi ni josho, lakini fomu haina nafasi ya kuandika hivyo. Nikaenda kwa chama kidogo cha upinzani kilichokuwa na bendera moja na mwenyekiti mmoja, wakafurahi kupata mtu. Mtendaji wa kata alipoipokea fomu yangu aliigeuzageuza kama anatafuta kasoro. "Mama," akasema, "umefikiria lakini? Wewe ni mtu wa serikali." Nikamwambia serikali yenyewe ndiyo iliyoniambia nikae nyumbani, basi nimepata muda.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa nilivyoharibu. Kwetu, ng'ombe wa mtu hawahesabiwi mbele za watu, wala hawatajwi hovyo. Kumuuliza mtu ana ng'ombe wangapi ni sawa na kumuuliza atakufa lini. Tena ng'ombe wa mtu hawakai zizi moja. Wawili wako kwa rafiki yake, watatu kwa shemeji, mmoja kwa dada, ili ugonjwa ukiingia au ndugu wenye tamaa wakija wasikute kila kitu. Anayewajua wote ni mwenyewe, Mungu, na bibi mifugo. Mimi nilijua. Niliwachoma sindano, niliwazalisha, niliwakata alama za masikio. Siri za mazizi ya kata nzima nilikuwa nazo kichwani, na kwa miaka kumi na minne sikuwahi kufumbua mdomo.

Nilifumbua siku ya mkutano wangu wa kwanza wa kampeni.

Tulifanyia kwenye kiwanja cha shule. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, wengine kwa udadisi tu wa kumwona mwanamke anapanda juu ya meza. Mchuuzi naye alituma watu wake wakae mbele. Nikasalimia, "Mbukwenyi!" Wakaitikia vizuri. Nikaanza kuzungumzia josho, nikaona wananisikiliza, nikapata moto. Halafu kijana mmoja wa mchuuzi akapaza sauti: "Wewe umewafanyia nini watu wa hapa?"

Ningeweza kumjibu kwa maneno machache nikaendelea. Lakini mdomo wangu hauna breki, na swali lile lilinichoma. Nimefanya nini? Mimi? Nikaanza kunyoosha kidole. Nikataja usiku niliolala zizini, nikataja sindano nilizochoma mvua ikinyesha. Na nikasema, nakumbuka kila neno, "Muulizeni mama yule pale, mjane, kama si mimi niliyewaokoa mitamba wake wanne walioko kwa kaka yake, wote walipata ndigana ya kupe ndani ya wiki moja, na wote wako hai hadi leo!"

Watu walinyamaza. Nikafikiri wameguswa. Nikamtazama yule mama, akawa ameinamisha kichwa anaifunga kanga yake upya, polepole, kisha akainuka akaondoka bila kugeuka nyuma. Hapo ndipo nikakumbuka marehemu mume wake alikuwa mdogo wa nani. Alikuwa mdogo wake mchuuzi.

Mume wake alipofariki, ukoo ulichukua kila chenye kwato. Yule mama alibaki na nyumba ya tembe na jembe. Alilima karanga misimu miwili, akabadilisha magunia kwa mtamba mmoja, kisha wa pili, akawaficha kwa kaka yake kijiji cha jirani, wakazaa. Alihangaika miaka sita. Mimi nikamaliza siri yake kwa pumzi moja, juu ya meza, ili nipigiwe makofi. Nilishuka nikitamani kujichapa mwenyewe.

Siku ya tatu mchuuzi akaenda kwa kaka wa yule mama akiwa na wazee wawili wa ukoo, akawaona ng'ombe, akafungua shauri kwenye baraza la kata kwamba ni mali ya marehemu iliyofichwa. Kulikuwa na mitamba wanne na maksai mmoja mzee wa kulimia. Siku ya nne akaja kwangu.

Alikuja asubuhi, peke yake, amevaa shati lililopigwa pasi. Nikamkaribisha kigoda kwa sababu nimelelewa. Akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za mwalimu, kisha akasema, "Dada yangu, mimi sina ugomvi na mwanamke mjane. Ng'ombe wanne watanisaidia nini mimi? Shauri naweza kulifuta hata leo." Akanyamaza ili nimuulize. Sikumuuliza. Akaendelea mwenyewe: "Wewe pumzika tu. Jina lako libaki kwenye karatasi, hakuna ubaya, lakini mikutano acha. Usipande jukwaani tena. Yule mama atalala usingizi na wewe utalala usingizi."

Nilimwambia toka. Sikusema tafadhali.

Lakini alipoondoka nilikaa pale uani, na hasira zilipopungua nikaona alichokiacha. Josho au ng'ombe wa yule mama. Na aliyemfikisha mama wa watu hapo si mchuuzi, ni mimi. Nikasema basi, potelea mbali udiwani. Nikachukua baiskeli ya mume wangu, nikaenda kwake.

Nilimkuta anapepeta karanga. Hakuinuka. Nikamsalimia, akaitikia bila kuniangalia. Nikamwomba msamaha. Akaendelea kupepeta. Nikamweleza aliyosema shemeji yake, nikamwambia nimekata shauri, naacha kampeni, ng'ombe wake watabaki salama. Nilitegemea atashukuru. Hata machozi kidogo nilitegemea.

Akaweka ungo chini.

"Mara ya kwanza ulinitaja bila kuniuliza," akasema. "Sasa unataka kunipatanisha bila kuniuliza. Hivi hao ng'ombe ni wako?"

Nikasema si wangu.

"Yule bwana akifuta shauri leo, akishakuwa diwani atalifungua kesho. Mimi ndiye niliyeishi kwenye boma lao, nawajua. Na josho likienda, mitamba wangu watakufa mmoja mmoja kwa kupe, hata kama hakuna atakayewachukua. Sasa wewe unaniokoa nini?"

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza, na naona aibu kulisema hilo.

"Njoo barazani useme ulichokiona," akasema. "Ulichokiona tu. Usihutubie."

Baraza lilikaa kwenye darasa tupu, wazee wanne na mama mmoja wa kanisani kama wajumbe, mtendaji akiandika. Mchuuzi alieleza vizuri, lazima nikiri. Alisema mila ni mila, mali ya mdogo wake ni ya ukoo, mjane kutunzwa hakukatazwi lakini kuficha ni wizi. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Kisha nikaitwa.

Nikasema: kila ukoo hapa una alama yake ya masikio. Ukoo wa bwana huyu hukata mipasuko miwili sikio la kulia, na ndama hukatwa kabla hajaachishwa ziwa. Mtamba wa kwanza wa mama huyu nilimtibu wiki aliyobadilishwa na karanga. Mazishi ya mume wake yalikuwa yamepita misimu miwili ya mvua. Mama aliniomba nimkate tundu moja sikio la kushoto, nikamkata kwa mkono wangu, na wa pili na waliozaliwa baadaye vilevile. Sikio la kulia liko zima. Mkitaka, tukatazame, maana alama ya ukoo ikishakatwa haishoneki.

Mchuuzi akasema, "Huyu ni mgombea, anapiga kampeni." Nilikuwa na la kumjibu, tena kali, limenikaa ulimini. Nikamwona yule mama ananitazama. Nikalimeza.

Wakatoka kuwatazama pale nje walikofungwa kusubiri uamuzi, baraza zima, na nusu ya kata nyuma yao. Mzee mkubwa wa baraza alishika masikio ya mitamba mmoja baada ya mwingine, akayapapasa kwa vidole kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Yote ya kulia yalikuwa mazima. Alipofika kwa yule maksai akasimama. Akaita, "Bibi mifugo, na huyu?"

Maksai alikuwa na mipasuko miwili sikio la kulia. Alikuwa wa marehemu. Mjane alimtorosha siku ya matanga, mwenyewe aliniambia. Msimu wa kulima ulikuwa unakaribia, na bila maksai yule angerudi kwenye jembe la mkono. Ningeweza kusema sijui. Nilitamani kusema sijui.

"Ni wa ukoo," nikasema.

Mitamba wanne wakapewa mjane. Maksai akafunguliwa kamba, mchuuzi akaondoka naye mbele ya macho yetu. Mama yule aliwapigia mitamba wake mluzi, akawaswaga, si kurudi kwa kaka yake bali nyumbani kwake, katikati ya senta, mchana kweupe, kila mtu akiona. Nilifurahi na moyo ukaniuma, vyote kwa pamoja.

Nilirudi jukwaani. Nilifanya mikutano yote iliyobaki, na sikumtaja mtu. Watu wa mchuuzi walitumia yale yale: mama huyu anajua mifugo yenu yote, mkimpeleka halmashauri atawataja kwa watoza kodi, si mmeona alivyomtaja maksai? Kila kijiji nilikuta neno hilo limenitangulia. Nilisimama nikawaambia ndiyo, nilikosa, nilimtaja mtu bila ridhaa yake na ikamgharimu, na sitaki kura ya huruma. Nataka kura ya josho. Wengine walipiga makofi. Wengine walisimama kimya mikono kifuani.

Nilishindwa kwa kura kumi na tisa. Matokeo yalibandikwa kwenye mlango ule ule wa ofisi ya mtendaji. Nikayasoma mara tatu, mume wangu kanishika kiwiko. Nilipogeuka nikamkuta mjane amesimama nyuma yangu.

"Kura yangu sikukupa," akasema.

Niliona giza. Baada ya yote yale! Nikamwambia, kwa sauti ambayo watu walisikia, "Ukampa yeye?"

"Yeye? Thubutu! Niliikunja ikiwa tupu." Akanisogelea. "Barazani ulisema kweli, hata iliyoniumiza, na kwa hilo nakuheshimu. Lakini mtu wa kwenda kunisemea lazima kwanza aniulize nasema nini. Wewe uliniuliza mara moja, tena kwa kubanwa."

Nilikasirika wiki nzima. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika kidogo, na nikimaliza kukasirika naona alikuwa na haki.

Diwani mpya, yule mchuuzi, aliapishwa, na haikuchukua muda tukaletewa taarifa kwamba afisa wa halmashauri atakuja Jumanne kukabidhi josho. Sikuitisha mkutano. Nilichukua baiskeli nikapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba niliuliza swali moja: unataka josho lifanywe nini, na uko tayari kulisema mwenyewe? Nilisikiliza. Ilinichosha kuliko kampeni nzima, maana kusikiliza sikuwa nimezoea. Mjane alinipa maji ya kunywa, akasema atakuja.

Jumanne ile walikuja wote, na ng'ombe wao. Si wachache wa kuonyesha. Wote, wakiwemo waliofichwa kwa mashemeji na marafiki, wamejaa kutoka uzio wa josho hadi kiwanja cha mnada, vumbi mpaka juu. Afisa alishuka kwenye gari na faili lake, diwani kando yake na kufuli jipya mkononi. Afisa akasema kwenye makaratasi imeandikwa josho halitumiki, mifugo ya kata hii ni michache.

Mjane akatoka mbele, fimbo begani.

"Mimi nina ng'ombe wanne," akasema kwa nguvu. "Ni wangu. Andika."

Watu waliguna kana kwamba amevua nguo hadharani. Kisha mzee mmoja, ambaye ninaapa hata watoto wake hawakujua idadi, akainua fimbo: "Mimi kumi na saba. Andika." Mwingine akafuata. Na mwingine. Watu ambao baba zao walikufa bila kutamka hesabu ile walisimama juani wakaitamka, mmoja mmoja, mbele ya serikali na mbele ya majirani, na afisa akaandika mpaka ukurasa ukajaa akageuza.

Diwani akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye aliyewapanga! Alishindwa uchaguzi, sasa analeta fujo."

Afisa akanigeukia. "Mama, wewe ndiye uliyegombea? Una la kusema?"

Nilikuwa nalo. Mungu wangu, nilikuwa nalo la kutosha hadi magharibi. Nikawatazama wenzangu na ng'ombe wao.

"Hawajanituma," nikasema.

Afisa akafunga faili, akasema makabidhiano hayawezi kufanyika mpaka arudi kuwaeleza wakubwa wake. Hakurudi. Diwani alibaki na kufuli lake miaka yake yote mitano, na sisi siku ile, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wameshafika, tuliwaogesha.